Mota ya Darubini Inapogoma: Kutafuta Hitilafu kwa Mpangilio

Swali la mota ya umeme huja kwa sura mbili katika mtihani. Sura ya kwanza umeizoea: chora mota ya mkondo mnyoofu, taja sehemu zake, eleza kazi ya komuteta. Sura ya pili ndiyo inayowatoa wanafunzi jasho: mota imeunganishwa kwenye betri lakini haizunguki, eleza jinsi utakavyojua hitilafu iko wapi. Mwanafunzi aliyekariri mchoro huandika "mota imeungua" na kukosa alama zote, kwa sababu hajaeleza amejuaje.

Katika mada hii tutatumia mota inayozungusha darubini. Mota hii hufanya kazi ya kipekee: inatakiwa kuzungusha mzigo polepole sana, bila kusita, kwa saa nyingi, na kosa lake dogo huonekana papo hapo kwenye jicho la mtazamaji. Kabla ya kuendelea, hakikisha unakumbuka sheria ya Ohm, momenti ya kani, na kanuni ya mkono wa kushoto ya Fleming.

Kwa nini darubini ihitaji mota?

Ukilinganisha na nyota, Dunia hujizungusha mara moja kila baada ya saa 23, dakika 56 na sekunde 4, yaani sekunde 86,164. Kwa sababu hiyo anga lote huonekana likisogea kuelekea magharibi kwa takriban digrii 15 kila saa. Kwa macho matupu hulioni hilo. Kwenye darubini inayokuza mara mia, unaliona vizuri mno.

Usiku wa tarehe 7 Septemba 2025 Mwezi ulipatwa kikamilifu, na Afrika Mashariki ilikuwa upande mzuri wa Dunia. Mwezi ulikaa ndani ya kivuli kwa dakika 82. Tuseme klabu yenu ya sayansi ilitoa darubini uwanjani usiku huo, na watu arobaini wamepanga foleni. Mwezi una upana wa nusu digrii angani. Nusu digrii ukigawanya kwa digrii 15 kwa saa unapata dakika 2. Mota ikizimika, kila baada ya dakika 2 Mwezi utakuwa umesogea upana wake mzima, na lazima mtu alenge upya gizani huku foleni ikinung'unika. Una dakika 82 tu, na kesho yake Mwezi hautapatwa tena. Hapo ndipo mtu mwenye haraka hufungua mota kwa bisibisi, wakati hitilafu iko kwenye plagi.

Njia ya nguvu kutoka betri hadi darubini

Kabla ya kugusa chochote, chora njia yote ambayo nguvu hupita. Betri ya volti 12 (ile ya pikipiki inafaa kabisa) hupeleka umeme kupitia fyuzi na swichi. Kisha kuna waya na plagi, kisha kisanduku cha kuongozea mwendo, kisha mota. Kutoka hapo umeme umekwisha kazi yake na kinachosafiri ni mzunguko: gia ndogo za kupunguza kasi, halafu gia ya skrubu, halafu gurudumu kubwa lenye meno, halafu klachi, na mwisho bomba la darubini lenyewe.

Gia ya skrubu ni chuma chenye nyuzi kama za skrubu. Kila inapozunguka mara moja, husukuma jino moja tu la gurudumu kubwa. Ikiwa gurudumu lina meno 144, gia ya skrubu lazima izunguke mara 144 ili darubini izunguke mara moja. Tabia yake moja itakusaidia baadaye: skrubu huweza kulisukuma gurudumu, lakini gurudumu haliwezi kuizungusha skrubu. Ndiyo maana usijaribu kamwe kulazimisha bomba kwa mkono kabla ya kulegeza klachi. Utavunja meno.

Mota, kama unavyoona, ni kiungo kimoja katikati ya mnyororo mrefu. Anza uchunguzi hapo hapo katikati. Ukipima volteji kwenye vituo vya mota na kuikuta ni nzima, umeshaondoa betri, fyuzi, swichi na waya katika orodha ya watuhumiwa kwa kipimo kimoja. Ukiikuta haipo, umeondoa mota, gia zote na klachi. Fundi anayeanzia mwanzo na kupima kiungo kimoja kimoja hufika pia, ila Mwezi utakuwa umeshatoka kivulini.

Mota inayozunguka na mota iliyokwama

Hapa kuna jambo moja la fizikia ambalo usipolielewa hutaelewa kwa nini mota huungua. Koili inapozunguka ndani ya uga wa sumaku, yenyewe huzalisha volteji, kama dainamo ya baiskeli. Volteji hiyo hupinga ile ya betri, na tutaiita volteji pinzani. Kadiri mota inavyozunguka kwa kasi, ndivyo volteji pinzani inavyokuwa kubwa, na mkondo unaopita unakuwa mdogo. Mota ikikwama, volteji pinzani ni sifuri, na betri yote inabaki kusukuma mkondo kupitia ukinzani mdogo wa koili.

Mfano wa 1. Mota ya darubini ina koili yenye ukinzani wa omu 8 na betri ya volti 12. Ikizunguka kawaida hutumia ampea 0.25. Tafuta (a) volteji pinzani, (b) mkondo mota ikikwama, (c) joto linalozalishwa kwenye koili kwa kila sekunde katika hali zote mbili.

Suluhisho. (a) Volteji inayobaki kwenye ukinzani wa koili ni 0.25 × 8 = volti 2. Basi volteji pinzani ni 12 − 2 = volti 10. (b) Ikikwama, mkondo ni 12 ÷ 8 = ampea 1.5. (c) Joto hupatikana kwa I²R. Ikizunguka: 0.25 × 0.25 × 8 = wati 0.5. Ikikwama: 1.5 × 1.5 × 8 = wati 18.

Angalia namba hizo vizuri. Mkondo umeongezeka mara 6, lakini joto limeongezeka mara 36. Koili ndogo iliyozoea nusu wati sasa inapokea wati 18 ndani ya kasha lililofungwa. Rangi inayotenganisha nyaya za koili huyeyuka, nyaya hugusana, na hapo sasa mota imeungua kweli. Kumbe kuungua ni matokeo. Chanzo kilikuwa kilichoifanya ikwame. Ukifunga mota mpya bila kutafuta chanzo, utaunguza na hiyo mpya.

(Mota nyingi za darubini za kisasa ni za aina inayozunguka kwa hatua ndogo ndogo zikiamriwa na kisanduku. Hizo hazina brashi wala komuteta, na hesabu ya Mfano wa 1 haizihusu moja kwa moja. Mtihani wako unahusu mota yenye brashi, na mfuatano wa uchunguzi ni ule ule.)

Sikiliza kwanza

Washa swichi, sogeza sikio karibu na mota. Utakutana na hali moja kati ya tatu.

Hali ya kwanza, kimya kabisa. Mkondo haupiti, au unapita kidogo mno. Kagua fyuzi, kisha pima volteji kwenye vituo vya mota. Hapa wanafunzi hufanya kosa ambalo hata mafundi wa mtaani hulifanya: wanachomoa mota, wanapima kwenye ncha za waya, multimita inasema volti 12, wanatangaza kwamba umeme upo. Multimita hupitisha mkondo mdogo mno, kwa hiyo hata plagi iliyojaa kutu itaipa volti 12. Pima mota ikiwa imeunganishwa na swichi imewashwa.

Mfano wa 2. Mota ile ile ya omu 8 haizunguki. Ikiwa imechomolewa, ncha za waya zinaonyesha volti 12. Ikiunganishwa, volteji kwenye vituo vyake inashuka hadi volti 4, huku vituo vya betri vikiendelea kuonyesha volti 12. Hitilafu iko wapi, na ina ukinzani kiasi gani?

Suluhisho. Mota haizunguki, basi hakuna volteji pinzani, na mkondo ni 4 ÷ 8 = ampea 0.5. Volti 8 zimepotea njiani, kati ya betri na mota. Ukinzani uliojificha njiani ni 8 ÷ 0.5 = omu 16. Betri ni nzima kwa sababu volteji yake haikushuka. Waya mzuri wa mita mbili hauwezi kuwa na omu 16, hivyo tafuta plagi yenye kutu, swichi iliyochakaa au waya uliokatika nyuzi nyingi ndani ya ganda lake.

Kama volteji ya betri nayo ingeshuka, mtuhumiwa angekuwa betri. Katika jibu la mtihani sema wazi kipimo gani kilikufanya uiachie betri huru. Hapo ndipo alama ya pili ilipo.

Ikiwa volteji ni kamili kwenye vituo na mota bado kimya, sasa ndipo unaruhusiwa kuishuku mota yenyewe. Zima, chomoa, pima ukinzani wa koili. Multimita ikionyesha ukinzani usio na kikomo, koili imekatika au brashi za kaboni zimeisha na hazigusi komuteta. Ikionyesha karibu na sifuri, nyaya za koili zimegusana. Ikionyesha omu 8, usiishie hapo: zungusha ekseli ya mota polepole kwa vidole huku ukitazama kipimo. Kama ukinzani unaruka kufikia usio na kikomo mahali fulani kisha unarudi, kipande kimoja cha komuteta kimechakaa au kimechafuka. Mota ya namna hiyo ina dalili yake maarufu: haianzi yenyewe, lakini ukiisukuma kidogo kwa kidole inaondoka. Ikisimama tena juu ya kipande kile kibovu, inagoma.

Hali ya pili, inavuma lakini haizunguki. Zima mara moja. Umeona kwenye Mfano wa 1 kinachotokea kwenye koili kila sekunde unayosubiri. Umeme unafika na uga wa sumaku upo. Kani ipo, ila kuna kitu kinaishinda. Tenganisha mota na gia, uiwashe peke yake kwa muda mfupi. Ikizunguka vizuri, mota haina kosa na mzigo ndio mzito. Ikiendelea kuvuma, beringi zake zimekwama au kuna uchafu kati ya koili na sumaku.

Mzigo mzito una vyanzo vichache. Grisi ya miaka mingi hugeuka kuwa kama gundi, na vumbi la uwanja wa shule likichanganyika nayo hupati grisi tena, unapata msasa. Gia ya skrubu huenda imebanwa mno dhidi ya gurudumu na mtu aliyetaka kuondoa ulegevu. Lakini chanzo ninachokikuta mara nyingi kuliko vyote hakihitaji hata bisibisi: darubini haijasawazishwa.

Tuseme bomba lina kilo 5, na kitovu chake cha uzito kiko sm 4 kutoka kwenye mhimili. Momenti yake ni 5 × 10 × 0.04 = Nm 2. Mota inalazimika kupambana na momenti hiyo usiku kucha inapopandisha bomba, na upande wa pili wa anga bomba linataka kuanguka lenyewe. Ndiyo sababu darubini fulani hufuata nyota vizuri jioni na kugoma usiku wa manane, ingawa mota ni ile ile. Kama una uzito wa kusawazisha wa kilo 2, usogeze sm 10 kwenda nje, kwa sababu 2 × 10 × 0.10 nayo ni Nm 2. Kujua kama umefaulu ni rahisi: legeza klachi, achia bomba taratibu likiwa limelala. Likibaki lilipo, umesawazisha.

Hali ya tatu, mota inazunguka lakini picha haitulii. Hii ndiyo ngumu, na inastahili sehemu yake.

Saa ya mkononi ni kifaa cha uchunguzi

Kama mota inazunguka na darubini haisogei hata kidogo, tafuta kiungo kilichoachia: klachi iliyolegea, au ile skrubu ndogo inayobana gia kwenye ekseli. Ekseli inazunguka ndani ya gia, gia imetulia. Ni dakika tano za kazi.

Kama darubini inasogea lakini nyota inaruka kwa vipindi, usifungue chochote. Chukua saa na uhesabu muda kati ya mruko mmoja na mwingine. Kila gia katika mnyororo huzunguka kwa muda wake, na gia yenye jeraha itaonyesha jeraha hilo mara moja katika kila mzunguko wake. Muda wa mruko ni kama jina la mkosaji.

Mfano wa 3. Gurudumu kubwa la darubini lina meno 144. Gia ndogo zinapunguza kasi ya mota mara 120 kabla ya kufika kwenye gia ya skrubu. Nyota inaruka (a) kila sekunde 5, (b) kila dakika 10 hivi, (c) mara moja tu usiku mzima, bomba likiwa mahali fulani. Taja sehemu ya kukagua katika kila hali.

Suluhisho. Darubini huzunguka mara moja kwa sekunde 86,164. Gia ya skrubu huzunguka mara moja kwa 86,164 ÷ 144 = sekunde 598, yaani karibu dakika 10. Ekseli ya mota huzunguka mara moja kwa 598 ÷ 120 = sekunde 5. Kwa hiyo (a) kagua mota na gia iliyofungwa kwenye ekseli yake; (b) kagua gia ya skrubu na beringi zake; (c) kagua jino moja la gurudumu kubwa, au tazama kama waya umenasa kwenye mguu wa stendi bomba linapofika hapo.

Usicheke sehemu ya mwisho. Waya ulionasa huiga dalili za karibu kila hitilafu iliyotajwa katika mada hii.

Hata gia nzima huwa na kasoro ndogo. Gia ya skrubu isiyokaa katikati kabisa ya beringi zake huifanya nyota iyumbe mbele na nyuma taratibu kila dakika 10, bila kuruka. Hiyo si hitilafu ya kutengeneza; ni kikomo cha ubora wa kifaa ulichonacho. Kutofautisha kuyumba na kuruka ni sehemu ya uchunguzi.

Pale ambapo mota haina kosa lolote

Tanzania yote iko kusini ya Ikweta. Mhimili wa darubini ya kufuatilia nyota ukielekezwa kwenye ncha ya kusini ya anga, mota inapaswa kuzunguka kinyume na ilivyo kwa mtu aliye Uingereza, ambaye mhimili wake huelekea kaskazini. Visanduku vingi vina swichi au chaguo la kaskazini na kusini kwa ajili hiyo. Likisahaulika, mota inazunguka kwa uzuri wote, haina kelele, na nyota inakimbia.

Unatambuaje? Kwa saa ile ile. Darubini iliyosimama hupoteza Mwezi kwa digrii 15 kwa saa. Darubini inayokwenda upande usio sahihi huupoteza kwa digrii 15 za anga na digrii 15 zake yenyewe, jumla 30. Kwa hiyo Mwezi utasogea upana wake wote kwa dakika 1 badala ya 2. Zima mota: kama picha inakimbia polepole zaidi mota ikiwa imezimwa kuliko ikiwa imewashwa, umepata jibu.

Onyo moja hapa. Mota ndogo yenye brashi iliyounganishwa moja kwa moja na betri hugeuza mwelekeo ukibadilisha waya zake mbili, kama kanuni ya Fleming inavyosema. Lakini kama kuna kisanduku chenye vifaa vya kielektroniki katikati, usigeuze waya za betri. Kisanduku kitaungua kabla hujaondoa mkono. Tumia swichi yake.

Mota ambayo hakuna mkono unaoifikia

Sasa fikiria huwezi kusogeza sikio, huwezi kulegeza klachi, huwezi kuchomoa waya. Darubini ya anga ya James Webb ilirushwa tarehe 25 Desemba 2021 na inafanya kazi umbali wa takriban kilomita milioni 1.5 kutoka duniani. Moja ya vyombo vyake huitwa MIRI, nacho huchunguza miali ya infraredi. Ndani yake mna gurudumu linalozungushwa na mota ili kuchagua kati ya mawimbi mafupi, ya kati na marefu. Chombo hicho hupozwa hadi chini ya kelvini 7, yaani karibu nyuzi joto 266 chini ya sifuri ya Selsiasi. Grisi ya kawaida katika baridi hiyo ingekuwa jiwe.

Tarehe 24 Agosti 2022, gurudumu hilo lilipokuwa likiandaliwa kwa uchunguzi, lilionyesha msuguano mkubwa kuliko kawaida. Linganisha walichofanya wahandisi na tulichojifunza. Walisimamisha matumizi ya sehemu hiyo tu. Hawakuendelea kuisukuma ili waone itakuwaje. MIRI ina njia nne za kufanya uchunguzi, na tatu zisizotegemea gurudumu hilo ziliendelea kama kawaida, kwa maana hitilafu ilikuwa imeshawekewa mipaka. Mapema Septemba bodi ya uchunguzi iliundwa. Chanzo kilichoonekana kuwa na uwezekano mkubwa kilikuwa kuongezeka kwa kani ya mgusano kati ya vipande vya beringi ya katikati ya gurudumu, katika hali fulani.

Hakuna aliyeweza kwenda kuitia mafuta. Kilichoweza kubadilishwa kilikuwa namna ya kuliendesha gurudumu. Mwanzoni mwa Novemba 2022 walilijaribu kwa maelekezo mapya ya uendeshaji, jaribio likafaulu, na kabla ya katikati ya mwezi huo kazi ikarejea. Miongoni mwa vilivyosubiri zamu kulikuwa na maeneo ya ncha za sayari ya Zohali, ambayo Webb isingeweza kuyaona tena kwa miaka 20 baada ya hapo. Wangekuwa na haraka mwezi Agosti na kuvunja beringi, wangepoteza Zohali na njia nzima ya uchunguzi pamoja nayo.

Maswali ya kujipima

1. Mota ya volti 6 ina koili ya omu 4. Ikizunguka hutumia ampea 0.2. Tafuta volteji pinzani, na mkondo mota ikikwama.

2. Gurudumu la darubini lina meno 180, na mota hupunguzwa kasi mara 60 kabla ya gia ya skrubu. Nyota inaruka kila sekunde 8. Ni sehemu gani utaikagua kwanza? Onyesha hesabu.

3. Mwanafunzi anabadilisha fyuzi iliyokatika. Mpya inakatika baada ya sekunde chache huku mota ikivuma. Anaamua kuweka fyuzi ya ampea kubwa zaidi. Eleza kosa lake na alichopaswa kufanya.

4. Wimbi la redio husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde. Mhandisi akituma amri ya kusimamisha mota kwenye darubini ya Webb, itachukua muda gani kufika? Kwa nini muda huo ni hoja ya kuacha chombo kijilinde chenyewe mota inapokwama?

Majibu

1. Volteji ya koili ni 0.2 × 4 = volti 0.8, hivyo volteji pinzani ni volti 5.2. Ikikwama, mkondo ni ampea 1.5.

2. Gia ya skrubu: 86,164 ÷ 180 = sekunde 479 hivi. Ekseli ya mota: 479 ÷ 60 = sekunde 8 hivi. Kagua mota na gia iliyo kwenye ekseli yake.

3. Mvumo unaonyesha mota imekwama na mkondo umepanda. Fyuzi ilikuwa inafanya kazi yake. Fyuzi kubwa itaruhusu mkondo huo uunguze koili. Alipaswa kuzima, kuchomoa, kutenganisha mota na gia, na kutafuta kilichoikwamisha. Jibu linalosema tu "ni hatari" hupata alama moja.

4. 1,500,000 ÷ 300,000 = sekunde 5. Taarifa ya tatizo nayo huchukua sekunde 5 kufika duniani, kwa hiyo hata mhandisi akijibu papo hapo, mota iliyokwama itakuwa imekaa na mkondo mkubwa kwa angalau sekunde 10.